Kesi Tuliyoshinda kwa Bahati Mbaya

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa uoga. Mwaka huu jina lenyewe liko kwa mkandarasi, linafanyiwa ukarabati. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye mito, vilima na haki nyingi. Haki zetu ni nyingi kiasi kwamba serikali imezijengea jengo lao, lenye ghorofa na walinzi, na mwananchi anayetaka kuziona anaruhusiwa kupita kwa nje siku za sikukuu.

Mimi nilihitimu sheria nikiwa na moyo mweupe. Siku ya mahafali mgeni rasmi alituambia kwamba taifa linatusubiri. Nilimwamini. Kesho yake niliamka mapema ili taifa lisisubiri sana, nikapiga pasi sketi nyeusi na blauzi nyeupe, nikaenda kuomba kazi katika Asasi ya Haki kwa Wakati, shirika linalowatetea wanyonge bila malipo. Ukutani palikuwa na kibao kilichopakwa rangi vizuri: HAKI YAKO NI KAZI YETU. TAFADHALI USISUBIRI HAPA.

Nilifanyiwa usaili na Mkurugenzi mwenyewe, Wakili Msomi Dokta Apolinari Sengo, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kutangaza misiba ya kitaifa.

"Binti yangu Hidaya," akasema, "akija mwananchi hapa analia, utafanya nini?"

"Nitamuuliza analilia nini."

Wajumbe wa jopo wakatazamana. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta taratibu kama mtu anayetafuta namna ya kunipa habari mbaya.

"Jibu sahihi ni kumsajili kuwa mnufaika. Ukishamuuliza analilia nini, atakujibu. Na akishakujibu, tayari umeingia kwenye shauri bila maandalizi."

Nikaona kweli sikuwa nimefikiri. Hata hivyo walinichukua kama mwanagenzi, kwa kuwa nilikuja na kalamu yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukunja vipeperushi vyenye kichwa kisemacho KAZI BILA UJIRA NI KOSA. Nilivikunja kwa moyo wangu wote na bila ujira, maana vipeperushi vile vilikuwa vya kuwaelimisha watu wa nje.

*

Katika asasi yetu uanagenzi una ngazi zake. Unaanza kuwa Mwanagenzi Mtarajiwa, kisha Mwanagenzi, kisha Mwanagenzi Mwandamizi, na Mungu akikujalia unafika kuwa Mwanagenzi Mkuu. Cheo hicho kilishikwa na Kaka Gaudensi, mtu mwenye mvi na miwani ya kusomea, aliyeingia pale kijana mwembamba kuja kupata uzoefu kidogo. Mwanawe wa kwanza alikuwa anamaliza chuo na alikusudia kuleta maombi kwetu.

"Nitampokea mwenyewe," Gaudensi aliniambia. "Ila sitambeba. Ataanza chini kama baba yake."

"Na wewe uko juu, kaka?"

"Mimi niko dirishani, mdogo wangu. Kuna upepo."

Siku moja lilibandikwa tangazo la ajira, ajira ya kweli, yenye mshahara na kiti chenye magurudumu: Ofisa wa Mradi. Mwombaji alitakiwa awe kijana, awe na moyo wa kujitolea, na awe amewahi kushika nafasi hiyohiyo katika asasi hiihii.

"Lakini kaka, mwenye sifa hizo ni mmoja tu," nikasema. "Yule aliyeacha kazi."

"Naye ameomba. Wamemkataa."

"Kwa nini?"

"Wanasema hana moyo wa kujitolea. Aliacha kazi."

Nikaomba pia. Sikulala kwa matumaini.

*

Mradi wenyewe uliitwa Mlango Wangu, Haki Yangu, na mnufaika wake alikuwa mmoja, Bi. Sikitu.

Bi. Sikitu alikuwa mjane, mpika vitumbua, mwenye nyumba ndogo kando ya barabara ya Halmashauri. Nyumba hiyo ilikuwa na kivuli. Ikifika alasiri kivuli kililala barabarani, mbuzi wakajilaza juu yake, na wapita njia wakasimama hapo kufuta jasho. Halmashauri, ambayo haipendi kitu chochote kilale barabarani bila kibali, ikatunga Ada ya Maegesho ya Vivuli. Bi. Sikitu akauliza kama anaweza kukiingiza ndani. Akaambiwa hayo ni matusi kwa ofisa aliye kazini. Askari wakaja kuchukua mali ya kushikilia mpaka atakapolipa. Walipoona ndani hamna kitu cha kubebeka, wakang'oa mlango.

Bi. Sikitu akaenda mahakamani, na asasi yetu ikajitokeza kumtetea. Tangu siku hiyo mlango ukawa kielelezo cha mahakama. Na kwa kuwa mlango wa chumba cha Hakimu ulikuwa umeliwa na mchwa, kielelezo kikafungwa pale kwa bawaba zake, kwa ajili ya uhifadhi bora. Kila Bi. Sikitu alipoitwa kwa Hakimu, ilimbidi agonge mlango wake mwenyewe na kusubiri aruhusiwe kuingia.

Miaka mitatu shauri liliitwa na kuahirishwa, na miaka hiyo mitatu haikupotea. Asasi iliandaa mikutano ya wadau, ikachapisha kalenda zenye picha ya nyumba isiyo na mlango, ikanunua magari matatu ya kwenda kuitazama. Wageni walifika kutoka mbali. Waliingia moja kwa moja, kwa kuwa hapakuwa na cha kugonga, wakamkuta Bi. Sikitu ama anapika ama anavaa.

Mimi nilipelekwa kwake wiki yangu ya pili ili nijifunze kusikitika kitaaluma. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mahali ulipokuwa mlango, kisogo ndani, uso nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mpya wewe? Haya, piga picha. Leo nisikitike au niangalie mbali?"

"Sijaja na kamera, mama. Nimekuja kukuona tu."

Akanitazama vizuri. "Maskini," akasema. "Hawajakufundisha bado."

Ndiye aliyenieleza kwamba kilichomuuma haikuwa baridi wala mbwa wa watu. Binti yake Arafa aliolewa mji wa mbali, akajifungua mtoto wa kike, na bibi hajamwona. Angeiachaje nyumba wazi? Hata siku za mahakama ilibidi jirani aje kukaa kigodani badala yake.

"Juzi Arafa ananiambia kwenye simu mtoto anatembea," akasema. "Mjukuu anatembea, bibi amekaa."

Niliporudi ofisini nilimsimulia Mkurugenzi. Aliguswa sana. Aliagiza mjukuu aongezwe kwenye kalenda.

*

Sasa nije kwenye ile Warsha ya Kitaifa ya Kuharakisha Mashauri.

Ilifanyika katika hoteli kubwa ya mjini kwetu, na ili mashauri yaharakishwe ipasavyo, yote yaliahirishwa. Mawakili wote walialikwa. Mahakimu wote walialikwa. Mwanasheria wa Halmashauri alialikwa, na fundi seremala wa mahakama pia, kama mdau wa samani. Ni Hakimu Mshamu wa mahakama yetu peke yake aliyekosa. Waandaaji hawakuwa na ubaya naye. Viti vya ukumbini vilipangwa kwa vyeo, na vilipofika kwake viliisha, kwa sababu mpambe wa mgeni rasmi alihitaji kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea koti.

Hakimu Mshamu aliumia. Alivaa joho, akaenda mahakamani, na kwa hasira akaanza kusikiliza kesi.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nimetumwa mahakamani na kamera, nimpige Bi. Sikitu picha ya mwaka akiwa amesimama mbele ya mlango wake, kwa ajili ya taarifa ya shughuli. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi, mimi natafuta mwanga mzuri, karani akaita shauri la Bi. Sikitu na Halmashauri. Nikasimama ili nipate picha ya karani.

"Wakili wa mdai amesimama," akasema Hakimu. "Hatimaye. Endelea."

"Mheshimiwa, mimi si wakili. Ni mwanagenzi."

"Mwanagenzi wa nini?"

"Wa haki, Mheshimiwa."

"Umealikwa kwenye warsha?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Uso wake ukalegea. Akanitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Hata mimi," akasema. "Basi tuliobaki tufanye kazi. Upande wa Halmashauri uko wapi?"

"Mwanasheria wao yuko warshani, Mheshimiwa," akasema karani.

"Anaharakisha?"

"Anaharakisha, Mheshimiwa."

"Asikatizwe. Mama, simama. Huo mlango unaosema ni wako ni upi?"

"Huo uliouingilia asubuhi, baba."

Karani akakohoa. Hakimu akageuka, akautazama mlango wa chumba chake uliokuwa wazi nyuma ya kiti.

"Una ushahidi gani?"

"Upande wa ndani kuna mikwaruzo," akasema Bi. Sikitu. "Mmoja juu ya mwingine. Nilikuwa nampima Arafa kila Idi, nakwaruza kwa kisu."

Hakimu Mshamu akageuka tena kuutazama. Baadaye alituambia kwamba miaka yote aliitazama mikwaruzo ile akiwa mezani, akidhani ni hesabu ya kesi alizoamua hakimu aliyemtangulia, na ilimvunja moyo jinsi ilivyokuwa michache. Aliinuka, akashika joho lisiburuze, akaenda kuuchungulia mlango. Mahakama nzima tukasubiri.

"Huu wa chini kabisa?" akauliza kutoka kule.

"Hapo ndiyo kwanza anasimama. Alishika bawaba."

"Na hapa katikati mbona ameruka sana?"

"Aliugua, mwaka huo hatukumpima. Alipopona akarefuka kama mhindi shambani."

"Na huu wa juu?"

"Mwaka alioolewa. Hakutaka kupimwa, akasema yeye sasa mtu mzima. Nikamwambia simama hapo, utu uzima wenyewe ndio naupima."

Hakimu alirudi kitini polepole. Alisema kwamba katika nchi hii hakuna sheria inayoweza kumiliki kivuli, kwa kuwa jua halijasajiliwa, na kwamba mlango urudi kwa mwenyewe leo hii, kabla watu hawajarudi kutoka warshani.

Seremala hakuwepo, kwa hiyo Hakimu akatoa bisibisi kwenye gari lake. Tukafungua skrubu pamoja, yeye akiwa na joho lake. Mlango ulipotoka, Hakimu akarudi mezani chumbani, na watu waliokuwa wamepanga foleni nje wakaona kwamba ndani mna hakimu. Wengi hawakuwahi kuamini. Wakaanza kuingia mmoja mmoja na matatizo yao, naye hakuwa na namna ya kuwazuia.

Sisi tukaubeba mlango: karani mbele, mimi nyuma, Bi. Sikitu ubavuni akituelekeza kama mtu anayehamisha kabati la sahani. "Taratibu kona hiyo! Karani, huo si mzigo wa kuni!" Askari wa usalama barabarani alisimamisha magari na kutupigia saluti, maana alizoea kwamba kinachopita katikati ya barabara mchana ni cha serikali.

Njia ilipita mbele ya hoteli. Ulikuwa wakati wa chai. Wanawarsha wote walikuwa barazani na visahani vya sambusa, na ukumbini walikuwa wametoka kupitisha azimio la kuunda kamati ya kuchunguza uwezekano wa kuujadili mlango wa Bi. Sikitu. Walipotuona wakadhani sisi ni kikundi cha igizo. Wakapiga makofi. Mwanasheria wa Halmashauri alifuta machozi. Mkurugenzi wetu alininyooshea dole gumba, akamwambia mtu wa pembeni yake, "Yule binti ni wangu. Tazama anavyobeba kwa hisia."

*

Kesho yake ofisi ilikuwa kimya. Mtu alikuwa ameshusha bendera ya mradi nusu mlingoti. Dereva mmoja alikaa ndani ya gari lililozimwa, amelaza kichwa kwenye usukani.

"Umeshinda," Gaudensi akaninong'oneza, kama mtu anayeniambia zipu yangu iko wazi.

"Ni kosa, kaka?"

"Sijui. Sijawahi kuona. Hebu ingia, anakusubiri."

Mkurugenzi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinikaribisha kiti chenyewe chenye magurudumu, akanimiminia maji.

"Binti yangu, nani alikufundisha kushinda?"

"Ilitokea tu, Mkurugenzi. Nilisimama kupiga picha."

"Naelewa. Ujana." Akatembea mpaka dirishani. "Lakini fikiri pamoja nami. Sisi ni watetezi. Mtetezi akishinda, kesho anatetea nini? Nilianza kazi hii kijana kama wewe. Nilitaka kumrudishia kila mtu mlango wake. Halafu ukaja mlango mmoja, ukawa na bajeti, ukawa na magari, ukawa na watu wanaoutegemea. Kuna Gaudensi hapo nje. Kuna dereva yule, umemwona? Alhamisi wanakuja wafadhili wetu, wametoka mbali, wanakuja kuona nyumba isiyo na mlango. Nitawaonyesha nini? Nyumba?"

Nikamwonyesha nje kwa kidole. Ilikuwa kweli kwamba mbele yetu palikuwa na nyumba nyingi zisizo na milango, lakini aliniambia hizo hazimo kwenye andiko la mradi.

"Nenda kwa Bi. Sikitu," akasema. "Yule mama anakupenda. Mwombe autoe mlango kwa siku moja tu. Wageni wakiondoka, mnaurudisha. Na hiki kiti, binti yangu, ni chako kuanzia Ijumaa."

Kiti kilikuwa kizuri. Kilizunguka bila kupiga kelele.

*

Nilimkuta Bi. Sikitu hayupo kigodani. Kwa mara ya kwanza niligonga. Nilisema hodi, nikasubiri, na kutoka ndani ikaja sauti ya mtu asiye na haraka.

"Nani?"

"Hidaya, mama."

"Ngoja kwanza!" Nikamsikia anatembea, anaweka kitu, anajifunga kitu, anajibu wimbo wa redio. Alinisubirisha kwa raha zake zote. Ndipo akafungua. "Karibu sana! Umeona? Nimekusubirisha! Wee, kumbe kumsubirisha mtu kunanoga hivi, ndiyo maana wale wa Halmashauri hawaachi."

Chumbani palikuwa na mfuko mkubwa umefungwa. Alikuwa ameshakata tiketi ya basi. Safari Alhamisi asubuhi.

"Mama, asasi inakusalimu," nikaanza.

"Imesemaje?"

"Inasema mlango umependeza."

"Hilo halikusemwa na asasi. Sema ulilotumwa."

Nikasema. Nilisema nikiangalia sakafu. Bi. Sikitu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Utolewe tena? Kwani huu ni shela ya bibi harusi, unafunuliwa wageni wakija?" Kisha akaacha kucheka. "Na wewe wamekuahidi nini?"

"Ajira."

"Unaihitaji sana?"

"Sana, mama." Sauti ilinitoka vibaya.

Redio ikasoma vifo na arusi. Aliingia nyuma ya pazia, akarudi na bisibisi, ile ya Hakimu, tuliyoisahau pale siku ile tulipoufunga mlango. Akaniwekea mkononi.

"Wewe ndiye uliyenirudishia. Kama ni kwa ajili yao, sitoi. Kama ni kwa ajili yako, nitampigia Arafa nimwambie bibi haji wiki hii. Atazoea, ameshazoea. Ila ung'oe mwenyewe, mimi sina mkono huo."

Nikasimama mbele ya mlango. Nataka kusema kweli: nilikiwaza kile kiti. Nilimuwaza mama yangu ambaye amewatangazia majirani kwamba mwanawe ni wakili. Niliingiza bisibisi kwenye skrubu ya juu. Skrubu ilikuwa imelegea, tuliifunga kwa haraka siku ile. Chini yake ulikuwepo mkwaruzo wa mwaka alioolewa Arafa, na chini mingine, ikishuka mpaka usawa wa goti langu, kwa mtoto aliyeshika bawaba.

Niliikaza. Halafu nikaikaza iliyofuata, na zote za chini.

Bi. Sikitu alikwenda kuweka chai jikoni.

*

"Amekubali?" Mkurugenzi aliniuliza.

"Alhamisi asubuhi atakuwa mlangoni, Mkurugenzi," nikasema. Hilo lilikuwa kweli, na sikuwa na nguvu ya kuongeza jingine.

Alhamisi tulikwenda kwa msafara. Gari la kwanza lilibeba wafadhili, la pili Mkurugenzi na hotuba yake, la tatu lilibeba viti. Mkuu wa wageni alikuwa mama mrefu mwenye kofia pana, mtu mwema, aliyemsalimia kila mtu mara mbili. Aliongea lugha ya kwao, na Gaudensi akawa mkalimani.

Tulipofika, mlango ulikuwa mahali pake, na Bi. Sikitu amesimama nje, kajitanda kanga mpya, mfuko miguuni, funguo mkononi.

Mkurugenzi aliutazama mlango. Akanitazama mimi. Akautazama mlango tena, kama mtu anayetumaini ataukuta umeondoka.

"Hidaya," akanong'ona.

"Nilishindwa, Mkurugenzi. Nilijaribu. Nikaukaza."

Gaudensi akajikuna mvi zake. "Kiti kimekwenda, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Kimekwenda, kaka."

Mkurugenzi alimsogelea Bi. Sikitu, jasho linamtoka, akaongea kwa unyonge ambao sikuwahi kuuona. "Mama yangu, nakuomba. Leo tu. Wageni wametoka mbali."

"Karibuni sana," akasema Bi. Sikitu kwa wote, kwa adabu kamili. "Mmenitembelea miaka mitatu na sikuwahi kuwafungulia, kwa sababu hapakuwa na cha kufungua. Leo ningewafungulia kwa heshima zote. Lakini basi langu linaondoka."

Akauvuta mlango. Mbao zilikuwa zimevimba kidogo, ikabidi aunyanyue kwa goti ndipo ukae. Akatia funguo, akazungusha. Sauti ya kitasa ilisikika mpaka kwenye gari la viti.

Wageni walinong'onezana. Mama mwenye kofia akauliza jambo, na Gaudensi akatafsiri: "Mgeni anauliza mnufaika anakwenda wapi."

"Mwambie nakwenda kwa mjukuu wangu," akasema Bi. Sikitu. "Sijawahi kumwona."

Gaudensi akamwambia. Yule mama akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akafungua daftari lake, akauliza tena. Gaudensi alisita kabla ya kutafsiri.

"Anauliza, mjukuu huyo ni kiashiria cha mradi upi?"

Wote tukamgeukia Mkurugenzi. Alikuwa ameshika hotuba yake. Nilijua anaweza kujibu. Hakuna aliyeweza kujibu swali kama hilo vizuri kuliko yeye. Angesema ni kiashiria cha awamu ya tatu, na yule mama angeandika, na pangekuwa na gari la nne.

Alifungua mdomo. Akamtazama Bi. Sikitu, aliyekuwa ameinama anajaribu kuunyanyua mfuko.

"Si kiashiria," akasema. Sauti ya kutangaza misiba ilikuwa imemtoka, ikabaki sauti ya mtu tu. "Ni mtoto. Anaanza kutembea."

Gaudensi akatafsiri, neno kwa neno. Yule mama akafunga daftari.

Mkurugenzi aliniwekea hotuba mkononi, akainama, akauchukua mfuko wa Bi. Sikitu. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.

"Umetia nini humu, mama?"

"Vitumbua. Twende, baba, tunachelewa."

Akaubadilisha mkono, wakashika njia ya kituo cha basi.